Jinsi ya kuchagua spika ya modela ya gitaa bila kudanganywa na wati

"Wati elfu mbili, ssebo! Hii inajaza uwanja." Muuzaji aliipiga spika kofi ubavuni kama dalali wa ng'ombe mnadani. Nilikuwa nimesimama ndani ya duka la vyombo vya muziki katikati ya Kampala, gitaa mgongoni, modela (kile kifaa kinachoigiza amplifaya na spika za gitaa) kwapani, na kitu pekee nilichotaka kujua hakikuandikwa kwenye karatasi ya bei: noti za sebene (ile sehemu ya muziki wa Kongo ambapo gitaa huchezesha watu), zile za juu kabisa shingoni mwa gitaa, zitatoka safi au zitatoboa masikio?

Napiga solo kwenye ibada ya Kiswahili hapa mjini. Nusu ya bendi yetu ni ndugu waliotoka upande wa Kongo, na ndugu hao hawasamehe gitaa lenye sauti ya matope. Tangu nihamie kwenye modela nimepitia spika nne, na mbili kati ya hizo zilikuwa makosa yangu mwenyewe. Mwongozo huu ni wa yule aliye na modela tayari, iwe Zoom ndogo, Mooer, Helix, Kemper au Quad Cortex, na sasa anatafuta boksi la kuitoa sauti yake jukwaani.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi ya boksi lenyewe. Modela haitoi sauti ya gitaa tupu. Ndani yake kuna amplifaya ya kuigiza, spika ya kuigiza, na hata maikrofoni ya kuigiza mbele ya spika hiyo. Spika halisi ya gitaa, mathalani Celestion Vintage 30, hufanya kazi kati ya hezi 70 na 5000 hivi, kisha sauti za juu zinaporomoka. Mporomoko huo ndio unaofanya gitaa la umeme likwaruze bila kuumiza, na modela imeshauiga. Ukipitisha sauti hiyo tena kwenye amplifaya ya gitaa unakuwa umetia chumvi chungu kilichokwisha kutiwa chumvi. Unachohitaji ni spika isiyoongeza lake. Wapiga gitaa huiita FRFR, yaani spika ya masafa kamili yenye mwitikio tambarare: inachopewa ndicho inachotoa, kuanzia besi hadi karibu na hezi 20,000. Amplifaya yake imo ndani, kwa hiyo unachomeka ukutani na kazi inaanza.

Ila herufi hizo nne si cheti. Kiwanda chochote kinaweza kuzichapa kwenye boksi. Na kuna spika za kawaida za shughuli, kama Yamaha DXR au QSC K, ambazo hazina herufi hizo popote lakini wapiga gitaa wa modela wanazitumia miaka yote.

Hatua ya 1: Jaribu spika iliyopo tayari

Kabla hujatoa shilingi, nenda kanisani au ukumbini mnapofanyia mazoezi siku ya katikati ya wiki. Kama kuna spika yenye amplifaya ndani, ile wanayoitumia waimbaji kujisikia, ichomeke modela yako humo na upige nusu saa. Huenda ukagundua kwamba hukuhitaji kununua kitu, ulihitaji tu kumwomba mtu wa mikisa akuachie spika moja. Na ukigundua kwamba haifai, utakuwa umejua kwa nini haifai, na hilo ndilo swali utakaloenda nalo dukani. Mimi niliruka hatua hii. Nikanunua boksi la inchi 15 kwa sababu ya wati, likawa zuri kwa harusi na baya kwa gitaa: besi tele, honi (ile inayotoa sauti za juu) inalia, na katikati, mahali gitaa linapoishi, pana shimo.

Hatua ya 2: Tayarisha modela nyumbani

Usiende dukani na sauti za kiwandani zilizokuja na modela. Zimetengenezwa ili mnunuzi ashangae, si ili mtu apige nazo. Hifadhi sauti tatu tu: moja safi ya solo yenye mwangwi kidogo, moja ya ridhimu, moja yenye mkwaruzo. Hakikisha sehemu ya kuigiza kabineti, yaani boksi la spika ya gitaa, imewashwa kwenye zote tatu, ama kwa kabineti za ndani ya modela au kwa faili za IR (rekodi fupi zinazonakili sauti ya kabineti halisi) ulizopakia. Ikiwa imezimwa, spika bora kuliko zote itatoa mlio wa nyuki waliofungiwa kwenye debe, nawe utailaumu spika.

Kisha weka vichujio viwili mwishoni mwa mnyororo. Cha chini kikate kila kilicho chini ya hezi 80 hadi 100. Noti ya chini kabisa ya gitaa, ile ya uzi wa sita ukiwa wazi, ina hezi 82, na kilicho chini ya hapo ni ngurumo tu inayompigania mpiga besi kiti chake. Cha juu kikate kuanzia kilohezi 5 au 6 kwa sauti ya mkwaruzo. Kwa solo safi ya sebene mimi napandisha hadi 8, wakati mwingine zaidi, maana ule ung'avu wa ukucha kwenye uzi ndio wanaoucheza watu.

Jambo moja linawapoteza wengi. Sauti uliyoitengeneza usiku kwa hedifoni, polepole usiwaamshe majirani, si sauti utakayoisikia jukwaani. Mwaka 1933 Fletcher na Munson walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba sikio la mtu halisikii masafa yote sawa, na kwamba tofauti hiyo hubadilika kadiri sauti inavyopanda. Kwa sauti ndogo, besi na sauti za juu hupungua masikioni, kwa hiyo unaziongeza. Ukifika jukwaani zinarudi zote kwa pamoja na gitaa lako linakuwa ngoma huku chini na sindano huku juu. Tengeneza sauti zako kwa volyumu ya shughuli, hata ikibidi uombe ukumbi kwa saa moja mchana.

Hatua ya 3: Soma wati kama unavyosoma ahadi za kampeni

Tuchukue mfano mmoja wa wazi. Yamaha DBR10 hutangazwa kuwa na wati 700. Hizo ni za mshtuko wa mara moja. Karatasi hiyohiyo ya kiwanda inaeleza kwamba za kuendelea ni 325. Hakuna uongo hapo, ila muuzaji atakusomea namba ya kwanza tu. HeadRush FRFR-112 nayo hubeba namba 2000 kwa hesabu ileile ya mshtuko. Kwa hiyo usilinganishe namba ya mshtuko ya huyu na namba ya kuendelea ya yule.

Hata ukilinganisha vizuri, wati hudanganya. Ukiziongeza mara mbili unapata desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huitambua lakini halishangai. Ili watu waseme "sasa imekuwa mara mbili" unahitaji kama desibeli 10, yaani wati mara kumi. Basi uliza kiwango cha juu cha desibeli, ambacho kwa spika nzuri huandikwa 125 hadi 132 hivi, ukijua kwamba nacho ni cha mshtuko kikipimwa mita moja mbele ya boksi.

Kwa bendi yenye ngoma kamili kwenye ukumbi wa mabati, nimeona boksi la inchi 10 au 12 lenye sifa hizo linatosha na kubaki, mradi gitaa linapita pia kwenye spika kubwa za ukumbi. Mvua ya Aprili ikipiga mabati hakuna spika itakayokuokoa. Sote tunasimama na kungoja.

Hatua ya 4: Angalia honi iko wapi

Spika nyingi za aina hii zina vufa (spika kubwa ya sauti za chini) chini na honi juu, na sauti hugawanywa kati yao kwenye kilohezi 2 hivi. Ukiwa mbali, masikio yanaziunganisha. Ukiwa umesimama juu ya boksi, mita moja tu, na boksi limelazwa sakafuni kama monita, unaweza kusikia honi peke yake kichwani na vufa peke yake magotini. Mpiga gitaa husimama karibu, kwa hiyo hili linamhusu kuliko DJ.

Ndiyo sababu baadhi ya watengenezaji huiweka honi katikati ya vufa, sauti zote zikatoka tundu moja. Atomic CLR ilijengwa hivyo, na Line 6 Powercab 112 ya mwaka 2018 pia. Ukipata ya namna hii kwa bei unayoiweza, ipe nafasi ya kwanza, hasa kama jukwaa lenu ni dogo. Powercab ina zaidi: inaweza kuigiza spika za gitaa yenyewe, na hapo ndipo unapozima kabineti ya modela. Ni hali hiyo tu, usiichanganye na niliyosema hatua ya 2.

Fender walitoa Tone Master FR-12 mwaka 2023, boksi lenye sura ya amplifaya ya zamani na nobu za besi, kati na juu. Napenda nobu hizo. Ukumbi ukibadilika unazungusha kidogo badala ya kuinama kwenye modela huku mchungaji anakutazama.

Kuhusu ukubwa: inchi 8 kwa mazoezi na gitaa la boksi (akustiki), 10 kwa anayesafiri, 12 kwa anayetaka mwili kidogo kwenye ridhimu. Wapigaji wa kadongo kamu (muziki wa Uganda wa gitaa moja na mwimbaji) wanaotumia gitaa la boksi na kuimba wenyewe wana bahati. Spika hii inabeba gitaa na sauti ya mtu kwa pamoja, jambo ambalo amplifaya ya gitaa haiwezi.

Hatua ya 5: Geuza boksi, soma mgongo

Umeme wetu ni volti 240, hezi 50, plagi ya pini tatu za mraba. Spika ya mtumba iliyotoka Marekani inaweza kuwa ya volti 120. Nyingine zinapokea kuanzia 100 hadi 240 zenyewe, nyingine zina swichi ndogo nyekundu ya kuchagua, nyingine hazina lolote kati ya hayo. Imeandikwa karibu na tundu la waya wa umeme.

Spika yangu ya pili niliinunua jioni, taa za duka zimeshazimwa nusu, kwa mtu aliyeniapia kwamba imetumika "mara mbili tu". Nikaifikisha nyumbani, nikaichomeka. Ilikohoa mara moja kama mzee aliyekatizwa usingizi, kisha ikatoka harufu ile ambayo kila fundi anaijua. Fundi alipoifungua siku ya pili alinionyesha kwa bisibisi karatasi iliyobandikwa mgongoni, chini ya vumbi: 120V. Ilikuwapo muda wote. Ningeipangusa kwa kidole tu.

Kama sehemu yenu umeme unapanda na kushuka, weka stebilaiza. Kwenye jenereta, iache itulie kwanza ndipo uwashe spika, na izime spika kabla ya jenereta kuzimwa. Na mpangilio wa siku zote ni huu: spika ndiyo ya mwisho kuwashwa na ya kwanza kuzimwa.

Hatua ya 6: Mtihani wa dukani

Hapa ndipo pa kutumia muda. Nenda asubuhi siku ya kazi, si Jumamosi. Mwambie mwenye duka kwa heshima, "Kaka, naomba dakika ishirini, nina kifaa changu." Akikataa kukupa dakika ishirini kwa mzigo wa pesa nyingi namna hiyo, mshukuru na uende duka la pili.

Anza bila gitaa. Cheza kutoka kwenye simu sauti ya mtu anayesoma habari kwa Kiswahili, mtangazaji unayemsikia kila siku. Sikio letu linajua sauti ya binadamu kuliko kitu chochote. Akisikika kama anaongea ndani ya pipa, boksi limejaza sauti za katikati ya chini. Akipiga filimbi kwenye kila "s", honi ni kali. Jaribio hili la dakika mbili limeniokoa na spika mbili zilizokuwa na sura nzuri sana.

Sasa chomeka modela. Sauti safi, volyumu ya shughuli. Usipige wimbo unaoujua, maana vidole vitakupendelea. Panda uzi wa kwanza noti moja moja, kuanzia tundu la kwanza (nafasi kati ya vyuma vya shingoni) hadi la mwisho, kwa nguvu ileile. Noti zote zinapaswa kutoka na uzito unaofanana. Kuna boksi nililolijaribu ambapo noti mbili juu ya tundu la 12 ziliruka kama zimekanyaga moto, na mbili zinazofuata zikanywea. Mpiga sebene anaishi mtaa huo. Spika yenye kasoro pale itakuaibisha kila Jumapili. Kisha teremka kwenye uzi wa sita, zima nyuzi kwa kiganja cha mkono wa kulia na upige ridhimu. Kama kila pigo linaacha mvumo nyuma yake, ukumbi wenu utauzidisha.

Piga kishazi kimoja cha sebene, kiweke kwenye kirudishio cha modela kijirudie chenyewe, kisha tembea. Mita moja, mita nne, kushoto, kulia, inama. Sauti itabadilika, hilo halikwepeki. Unachotaka ni ibadilike polepole. Ikiwa hatua moja pembeni inaizima kabisa ile ya juu, wenzako jukwaani watasikia gitaa jingine na si lako. Laza boksi sakafuni kama monita, usikilize tena, maana sakafu huongeza besi.

Mwisho ondoa kila kitu, acha spika imewashwa tu, sogeza sikio. Mchirizo mdogo ni kawaida. Feni inayovuma kama ya chumba cha hoteli si kawaida, na kwenye sala ya kimya utajuta.

Muuzaji akianza kuzungusha nobu za mikisa yake ili "akusaidie", mwombe aziache zote katikati.

Hatua ya 7: Kuunganisha

Tumia kebo ya XLR (ya pini tatu, kama ya maikrofoni) au jeki ya milia mitatu kutoka kwenye modela, si waya wa gitaa ukiweza kuuepuka. Kama mlango wa spika una swichi ya maikrofoni na laini, chagua laini. Weka nobu ya spika saa sita, yaani katikati, na upandishe volyumu kutoka kwenye modela. Modela ikiwa chini na spika ikiwa juu kabisa utanunua mchirizo kwa bei ya spika.

Kwa mikisa, modela yenye matokeo mawili ni rahisi: moja kwa spika yako, moja kwa mtu wa mikisa. Yenye tokeo moja, tumia mlango wa kupitisha ulio mgongoni mwa spika, lakini hakikisha kwanza kwamba nobu yako ya sauti haimbadilishii na yeye. Mwombe azime ule umeme wa volti 48 wa maikrofoni kwenye mlango wako. Ukisikia mvumo wa umeme, bonyeza swichi ya kukata athi ya sauti kwenye spika au modela. Kuna watu wanaokata pini ya athi ya plagi ili kunyamazisha mvumo. Usiwaige, hiyo pini ndiyo inayosimama kati yako na kifo siku waya ukigusa boksi.

Usiiweke spika kwenye kona. Ikibidi, pandisha kichujio cha chini hadi hezi 120 na usikilize tena.

Hatua ya 8: Kabla ya kulipa

Inua boksi kwa mkono mmoja, utembee nalo hadi mlangoni na kurudi. DBR10 ina kilo 10 na nusu. Boksi nyingi za inchi 12 hufika kilo 15 na zaidi, na hizo kilo 5 za ziada utazijua ukiwa nyuma ya bodaboda kwenye mteremko wa Nsambya, boksi katikati yako na dereva, gitaa mgongoni. Kwenye teksi, yaani daladala ya hapa, kondakta atakudai kiti cha pili. Nunua na mfuko wake, wenye kitambaa kisichopitisha maji.

Uliza kama kiwambo cha honi kinapatikana kikiungua, maana honi ndiyo hufa kwanza, fidibeki ya usiku mmoja inatosha. Vufa anaweza kuisuka upya fundi mzuri wa Katwe. Lakini bodi za amplifaya za kisasa zina vipande vidogo kama punje za mtama, na mafundi wengi wataibadilisha bodi nzima au watakurudishia boksi lako.

Risiti iandikwe namba ya boksi lenyewe, ile ya mgongoni, na siku saba za kurudisha. Yule wa wati elfu mbili alikubali siku tatu. Nikampa mkono, nikaondoka na ile ya inchi 10 iliyokuwa pembeni, ambayo hakuwa ameipiga kofi hata mara moja.